Msanii wako anapiga shoo nje ya Kenya? Anza na pasipoti, tiketi baadaye

Msanii unayempenda ametangaza ziara, miji ishirini na kitu, Nairobi haimo. Wengi wetu huchagua ule mji unaosikika mtamu, London ama Paris, halafu tunanunua tiketi ya shoo usiku huo huo juu ya presha ya kusikia zinaisha. Hapo ndio mambo huanza kwenda mrama, juu tiketi ya shoo mara nyingi ndio kitu cha bei ya chini kwenye safari yote. Visa, ndege na pa kulala ndio zinamaliza mfuko, na kuna moja kati ya hizo ambayo hata ukiwa na pesa unaweza kunyimwa. Kwa hivyo hapa tunaanza na kile kinachoweza kukataa kabisa, tiketi tutaifikia.

Soma orodha ya miji na pasipoti mkononi

Toa pasipoti kwa droo uangalie inaisha lini. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele, na kama imebaki kidogo ingia eCitizen leo leo, jaza fomu, lipa, upate siku ya kwenda Nyayo House kupigwa picha na kuweka alama za vidole. Usihesabu ati itatoka wiki ijayo. Ukiwa na pasipoti, ile orodha ya miji ya ziara inajigawa yenyewe mara tatu.

Kwanza majirani. Uganda na Rwanda Mkenya anaingia na kitambulisho cha taifa, Tanzania wanataka pasipoti. Na msidharau Kigali jamani. Tangu 2019 wana BK Arena pale Remera, ukumbi wa ndani wa watu 10,000, Kendrick Lamar alipiga pale Desemba 2023 na John Legend Februari 2025. Kutoka JKIA ni kama saa moja na nusu hewani. Basi lipo, linapitia Uganda, lakini ni siku nzima na usiku wake, ukifika miguu imevimba na shoo ni jioni hiyo, mimi singeshauri ila kama una siku za kupumzika. Kama msanii wako ni wa huku kwetu Afrika angalia pia matamasha: Zanzibar kuna Sauti za Busara kila Februari Mji Mkongwe, na Nyege Nyege ya Uganda upande wa Jinja. Tamasha moja unapata wasanii wengi kwa tiketi moja.

Pili ni Afrika Kusini, na hapa ndio watu wengi hawajui walichonacho. Tangu Januari 2023 mwenye pasipoti ya Kenya hahitaji visa kwenda kutembea huko, mpaka siku 90 kwa mwaka. Ziara kubwa za dunia zikishuka Afrika, Johannesburg na Cape Town ndio huwa za kwanza kwenye orodha. FNB Stadium, ule uwanja wa fainali ya Kombe la Dunia 2010, unabeba zaidi ya watu 90,000, na Chris Brown alipiga pale usiku mbili mfululizo Desemba 2024. Ndege ya moja kwa moja ni kama masaa manne. Kitu kimoja tu: kadi ya njano. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano kwa hivyo bila ile kadi unaweza kuzuiwa hapo kwa kaunta ya JKIA kabla hata hujaona ndege. Chanjo idungwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na ukidungwa mara moja ni ya maisha, usikubali mtu akuambie imeexpaya juu ni ya miaka kumi iliyopita, hiyo sheria ilibadilishwa 2016.

Tatu ni kwenye visa: Uingereza, nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia visa moja, kama Ufaransa na Ujerumani), Marekani, Dubai. Dubai ndio nyepesi kiasi hapo, wakala wa safari anakushughulikia visa pamoja na ndege, na Coca-Cola Arena inaingiza watu 17,000. Hizo zingine tatu ni kazi.

Msimamo wangu ni huu: kama ziara hiyo hiyo iko Johannesburg na London, nenda Johannesburg, isipokuwa una shangazi London mwenye kitanda cha bure na visa yako bado iko hai. Nyimbo ni zile zile.

Hesabu siku ukirudi nyuma

Ukishachagua mji, shika kalenda uanze na siku ya shoo urudi nyuma. Uingereza wanakubali ombi kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu. Schengen unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, mwisho siku 15 kabla, jibu ni siku 15 lakini wakitaka wanaweza kwenda mpaka 45. Ada ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ile kampuni inayopokea fomu inaongeza yake juu, na ukinyimwa hakuna kurudishiwa. Foleni ya kupata siku ya kwenda kuweka alama za vidole nayo ina mambo yake, mwezi wa sita na wa saba watu wote wanataka kusafiri, hivyo usingoje.

Schengen unaomba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Shoo iko Paris lakini ndege ya bei poa inashuka Amsterdam? Kama utalala Paris usiku tatu na Amsterdam moja, ombi ni la Ufaransa. Na visa ya Uingereza haifungui Paris, wala ya Paris haifungui London, kwa hivyo ile ndoto ya kuona shoo mbili miji miwili wiki moja hesabu kama visa mbili, na pasipoti yako huwa inakaa kwao wakati wanaamua.

Sasa makaratasi. Sema ukweli, unaenda kuona konsati, ni utalii kama utalii mwingine na hakuna aibu. Weka nakala ya tiketi ya shoo, barua ya kazi inayosema umepewa likizo kutoka tarehe fulani mpaka fulani, statement ya benki ya miezi sita, ya M-Pesa pia kama ndio pesa zako hupitia huko, na kama una biashara weka leseni na makaratasi ya kodi ya KRA. Wanachoangalia ni kama utarudi. Kitu kinachochoma watu wengi ni kuomba rafiki akutumie laki tatu wiki moja kabla ili akaunti inone. Ofisa anaona mshahara wa elfu hamsini miezi sita halafu pwaa, laki tatu kutoka mbinguni, na hapo unaulizwa swali huna jibu. Afadhali akaunti ndogo inayoeleweka. Kama kuna anayekulipia kweli, sema ni nani, aandike barua, na aweke statement yake.

Ndege usilipe kabla ya visa. Balozi zenyewe huwa zinataka booking tu ya kuonyesha mpango, wakala anakushikia. Hoteli chukua ile ya kughairi bure.

Siku ya kununua tiketi

Basi tiketi ya shoo inanunuliwa lini, kabla ya visa ama baada? Kwa majirani na Afrika Kusini, nunua tu. Kwa nchi za visa utalazimika kununua kabla juu zinaisha siku ya kwanza, lakini nunua zile za kiti cha kawaida, pesa ambayo ikipotea utaumia lakini utakula. Usiweke elfu themanini kwa Golden Circle, ile sehemu ya mbele karibu na steji, na bado hujui kama utaingia nchi yenyewe.

Fungua akaunti mapema, angalau siku mbili kabla. Afrika Kusini shoo nyingi kubwa ziko Ticketmaster ya huko, Uingereza kuna Ticketmaster yao, Ujerumani utakutana sana na Eventim, Ufaransa Fnac. Akaunti ya nchi moja isikufanye ulale ukidhani inafanya kazi kote, ingia kwa ile ya mji wako ujaribu. Thibitisha nambari ya simu, hifadhi kadi. Huna kadi ya benki? Fungua ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay kwa simu yako, inakupa nambari ya kadi kama nyingine yoyote na pesa inatoka kwa M-Pesa. Kama unatumia ya benki, piga simu uwaambie wafungue malipo ya mtandaoni ya nje na uulize kikomo cha siku, juu ile kukataliwa kadi ukiwa umebakisha dakika tatu za kulipa ni jambo la kulia.

Saa nazo ziandike kwa saa zetu. Johannesburg na Kigali wako nyuma yetu saa moja, tiketi zikifunguliwa saa tatu asubuhi kwao ni saa nne Nairobi. London ndio inachanganya, wakati wao wa baridi wako nyuma saa tatu, wakati wa joto saa mbili. Zikifunguliwa saa nne asubuhi London mwezi wa pili, hapa ni saa saba mchana, mwezi wa sita ni saa sita. Na ukiona 10:00 kwenye tangazo usisome haraka haraka ukaiita saa kumi.

Mauzo ya kwanza kabisa mara nyingi ni ya wateja wa benki fulani ya huko au mtandao fulani wa simu wa huko, hiyo sahau, ngoja ya wazi. Siku yenyewe ingia ukumbi wa kungoja wa mtandaoni kama dakika kumi kabla, akaunti moja, dirisha moja, usirefreshi. Watu hufungua madirisha sita wakidhani wanajiongezea bahati halafu mfumo unawaona kama roboti. Tumia WiFi ya nyumbani na uwe na bando kwa simu, na Kenya Power wakiamua siku hiyo ndio siku, uwe na njia ya pili.

Zikiisha usikimbilie wale wa kuuza mitandaoni. Mtu anayekutumia picha ya tiketi kwa WhatsApp ati umtumie pesa, hapana. Tiketi nyingi siku hizi ziko ndani ya programu na ile alama ya kuskani inabadilika kila sekunde chache, kuna kamstari kanatembea juu yake kushoto kulia, kwa hivyo skrinshoti ni picha tu, ikifika getini mashine inakataa. Nunua kwa sehemu ya kuuziana iliyo ndani ya Ticketmaster yenyewe, ama Twickets kwa Uingereza ambapo mtu hauzi kupita bei aliyonunua. Na uingie tena siku mbili tatu kabla ya shoo, juu waandaaji mara kwa mara huachilia viti walivyokuwa wameshikilia wakijua sasa steji imekaa vipi.

Mkiwa kikundi, hapa sikilizeni sana. Mmoja akinunua tiketi nne kwa akaunti yake na yeye ndiye anyimwe visa, nyinyi watatu mko London mkitumiana meseji na mtu yuko Umoja. Tiketi zikishaonekana kwa programu, kila mtu ahamishiwe yake. Nchi nyingine zinaandika jina kwenye tiketi na wanalinganisha na pasipoti getini, hivyo jina liandikwe kama lilivyo kwa pasipoti, lile la Instagram liache.

Ndege, hoteli na hatari ya kufutwa

Fika siku moja kabla, angalau. Ndege ya asubuhi ya siku ya shoo inaonekana inaokoa pesa ya hoteli lakini ikichelewa masaa sita umekwisha. Kurudi, usiweke ndege ya alfajiri, shoo ikiisha saa tano usiku na uwanja uko mbali utajikuta unakimbia na begi bila kulala.

Na shoo hufutwa, hii si hadithi. Agosti 2024 Taylor Swift alikuwa na usiku tatu Vienna na zote zikafutwa siku moja kabla ya ya kwanza juu ya njama ya shambulio, watu wako mjini tayari. Tems naye Januari 2025 alifuta shoo ya Kigali iliyokuwa ifanyike Machi, juu ya vita vya upande wa Congo. Pesa ya tiketi hurudi, ya ndege ni shida yako. Ndio maana nasema chagua mji ambao hata bila shoo ungefurahia kukaa siku tatu, na ndege inayoruhusu kubadilisha tarehe kwa ada kidogo. Bima ya safari kwa Schengen ni lazima, iwe inafunika angalau euro 30,000 za matibabu, lakini soma vizuri, nyingi hazilipi ati kwa sababu msanii hakutokea.

Simu, pesa na vitu vidogo

Simu yako sasa ndio tiketi, ndio benki, ndio ramani. Laini yako ya Safaricom usiitoe, washa romingi hata ya kupokea SMS tu, juu benki ikituma ile nambari ya kuthibitisha malipo itakuja kwa laini hiyo. Data nunua eSIM, ile laini ya ndani ya simu isiyo na kadi, kama simu yako inakubali, ama laini ya huko. Tiketi iweke kwa waleti ya simu ukiwa bado na WiFi ya hoteli, watu elfu tisini wakiwasha data pamoja hapo uwanjani hakuna kitu kinafunguka.

Beba kadi halisi ya plastiki pamoja na ile ya simu. Treni za London unagusa kadi getini na kutoka unagusa tena, ile ile, usibadilishe katikati. Kumbi nyingi huko hazichukui noti hata ya maji ya kunywa. Pawabenki iende kwa begi la mkononi, ukiweka kwa lile la chini ya ndege litafunguliwa. Plagi yetu inaingia London na Dubai bila shida, Rwanda na Ulaya ni miguu miwili ya mviringo, Afrika Kusini wana yao kubwa ya miguu mitatu minene, nunua adapta hapa mjini kabla ya kuondoka, airport utanyolewa. Na Kigali usiende na mifuko ya plastiki, wanachukua pale pale unapoingia.

Siku ya shoo

Kitu cha kwanza cha kusahau ni saa za Nairobi. Hapa bango la shoo likisema saa kumi na mbili jioni unajua uoge saa tatu. Jaribu hiyo London uone. Kumbi zao zina saa ya lazima ya kufunga, mara nyingi saa tano usiku, kwa hivyo msanii mkuu anapanda saa mbili na nusu ama saa tatu na haongei na mtu. Ile saa iliyoandikwa kwenye tiketi kawaida ni ya mageti kufunguliwa, halafu kuna msanii wa kufungua, ingia kurasa za ukumbi siku hiyo asubuhi huwa wanaweka ratiba.

Begi acha hotelini. Kumbi nyingi hazikubali kitu kikubwa kuliko karatasi ya A4, na viwanja kadhaa wanataka mfuko wa kuonekana ndani. Ukirudishwa getini na begi la mgongoni hakuna mama wa duka la jirani wa kukuwekea. Maji ya chupa wanamwaga. Kamera yenye lenzi ya kuchomoa wanakataa. Vaa viatu ulivyozoea, vipya viache, na ubebe zile pamba za masikio hasa kama umesimama karibu na spika, kesho yake utanishukuru. Fulana za ziara nunua ukiingia tu, ukingoja mwisho utakuta zimebaki za watoto na za majitu.

Wewe na wenzako kubalianeni mahali pa kukutana kabla hamjaingia, kitu kisichohama, geti nambari fulani ama sanamu fulani, na saa. Msiseme "tutapigiana".

Kurudi ndio mtihani. FNB Stadium iko Nasrec, kando ya Soweto, treni ya Gautrain inayokutoa airport kwenda Sandton haifiki hapo, na teksi za programu usiku huo bei inapanda mara tatu na dereva hakuoni kwenye msongamano. Panga usafiri wa kurudi mapema, dereva mliyeelewana naye ama basi la kwenda na kurudi kama waandaaji wameweka, na usitembee gizani huku umeshika simu unatafuta gari. London ukiwa ukumbi wa O2 unatokea stesheni ya North Greenwich, treni ya laini ya Jubilee, lakini inakimbia usiku kucha Ijumaa na Jumamosi tu, siku zingine treni ya mwisho ni kama saa sita na kitu. Kigali ndio rahisi kabisa, mji mdogo, pikipiki zinakupa helmeti na abiria ni mmoja, ila kumbuka magari yao yanaenda upande wa kulia, ukivuka barabara ukitoka arena tazama kushoto kwanza.